Mfadhili amfikishe kuku kwenye yai la kwanza

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, Pemba, na nje ya saa za kazi ninasimamia kikundi cha vijana 24 wanaolima mboga na kufuga kuku katika kiwanja cha karibu nusu eka nyuma ya skuli. Mwaka jana tuliwaomba ndugu zetu walioko Unguja, Dar es Salaam, Oman na Uingereza kila mmoja amfadhili kuku mmoja kwa shilingi 50,000 kwa mwaka, nasi tukampa kila kuku jina alilolichagua mfadhili na tukampelekea picha. Tulianza na kuku 30 wa mayai, sasa wamebaki 27, na mayai tunayookota ni 17 kwa siku. Asubuhi tunawapa ndoo moja ya chakula ambayo niliipima ikawa kilo 2 na nusu. Mmoja wa waliokufa alikuwa wa mfadhili aliyeko Muscat, na baadhi ya vijana walishauri tumpe kuku mwengine jina lile lile kwa kuwa wote ni wekundu na hakuna atakayejua. Nilikataa, lakini hadi leo sijamwandikia. Naomba unieleze bei ya haki ni ipi, tuahidi nini, na vipi fedha hizi zitawafaa vijana badala ya kuishia kwenye pumba.

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Umefanya vyema kukataa, na nitaanza na hilo kwa sababu bei, ahadi na mapato uliyoyauliza yote yanasimama juu yake. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikikishauri kikundi kimoja, si cha huko kwenu, kilichokuwa na utaratibu kama huo wa kila kuku na jina lake. Siku moja mfadhili alikuja likizo pamoja na binti yake mdogo, akaomba waonyeshwe kuku wao. Kijana aliyekuwa zamu alikimbia bandani, akamkamata wa kwanza aliyemfikia mkononi, akamleta akiwa amejaa furaha. Yule mtoto alimtazama kuku, akaitazama picha kwenye simu ya baba yake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kuku wa kwenye picha upanga wake wa kichwani umelalia kulia, na wa huyu umelalia kushoto. Baba alishukuru, akanywa chai aliyoandaliwa, akaondoka, na hakutuma tena fedha. Kuku wa kwenye picha alikuwa amekufa miezi minne kabla kwa kukwamwa na yai, jambo linalowapata hata wafugaji hodari, na lingeelezwa kwa mistari miwili tu ya ujumbe.

Sikumlaumu sana kijana yule. Ahadi tuliyompa mfadhili, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioipitisha, ilikuwa haitimiziki tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuku wa mayai hafugwi mmoja mmoja. Ananunuliwa kwa boksi, analishwa kwa gunia na anachanjwa kwa kichupa. Chukua chanjo ya kideri, ugonjwa ambao ukiingia katika banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache: kichupa hutengenezwa kwa dozi mia, mia mbili au zaidi, na kikishachanganywa na maji ya kunywa ya kuku kinatakiwa kimalizike ndani ya saa mbili hivi, kinachobaki kinamwagwa. Maji yenyewe yasiwe ya bomba yaliyotiwa klorini, kwa kuwa klorini huiua chanjo. Wafugaji huchota ya kisima safi, na wengi huongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2 na nusu kwa lita, ili chanjo ihimili. Sasa niambie, katika kichupa hicho fungu la kuku wa mfadhili wa Muscat ni lipi? Hakuna jibu, na ndiyo maana ninashauri mfadhili asipewe kuku mwenye jina na sura, bali ahesabiwe kuku mmoja ndani ya kundi. Majina mkiyapenda yaandikeni kwenye ubao ukutani mwa banda, majina ya wafadhili wote kwa pamoja, na picha mnayoipeleka iwe ya kundi.

Vifo pia vihesabiwe mapema, kabla havijatokea. Katika vifaranga 100 waliolelewa kwa uangalifu wa kawaida, mimi hupanga hesabu yangu kana kwamba 90 tu ndio watakaofika kwenye kutaga. Wakifika 95 nashukuru, lakini siahidi 95. Kwa hiyo nunueni boksi la vifaranga 100 na mtafute wafadhili 90, asizidi hata mmoja. Kumi wa ziada ndio wanaobeba ajali za kundi zima, na kuku akifa wiki ya sita hakuna mfadhili aliyepoteza wake.

Nikija kwenye bei, kuna kipimo kimoja ambacho huwa nawapa vijana kabla ya kuwafundisha kitu chochote kingine, kwa kuwa hakisahauliki. Kuku wa mayai tangu kifaranga hadi kuanza kutaga, yaani wiki ya 18 hadi ya 20, anakula takriban kilo 8 za chakula. Akishaanza kutaga anahitaji kati ya gramu 110 na 120 kila siku, ambazo kwa mwaka mzima ni kilo 42 hivi. Nane na arobaini na mbili ni hamsini: kuku mmoja, tangu anatoka kwenye boksi hadi anamaliza mwaka wake wa kutaga, anakula gunia moja la kilo 50. Kijana akishaliona gunia lile limesimama ukutani, akaambiwa huyo ndiye kuku mmoja, haulizi tena kwa nini fedha zinaishia kwenye pumba.

Nitafanya hesabu kwa bei za mfano, nawe uzibadilishe kwa bei za siku hiyo sokoni kwenu. Tuseme chakula ni shilingi 1,300 kwa kilo, kifaranga 3,500, chanjo na dawa 2,000, na mkaa wa kuwatia joto, umeme na matandazo 2,000 nyingine. Kumfikisha kuku mmoja kwenye yai la kwanza itakuwa kifaranga 3,500, chakula kilo 8 kwa shilingi 10,400, na hizo 4,000, jumla shilingi 17,900. Zidisha kwa vifaranga 100, gawanya kwa 90 mnaotarajia wafike, na utapata karibu shilingi 20,000 kwa kila kuku anayefika. Mwaka wa kutaga ni kilo 42, yaani shilingi 54,600, na ukiongeza dawa na matandazo ya mwaka huo weka 60,000. Jumla ya maisha yake ni shilingi 80,000. Upande wa mapato, kuku wa kisasa wa mayai anayelelewa vizuri sana anaweza kuvuka mayai 280 kwa mwaka, lakini kwa joto letu na kwa banda la matandazo linaloendeshwa na vijana wanaojifunza, mimi nahesabu 240, ambayo ni trei 8. Kwa shilingi 10,000 kwa trei, hiyo ni shilingi 80,000.

Itazame vizuri hesabu hiyo, Mwalimu. Kwa bei hizi kuku anayelipia kila kitu chake mwenyewe anarudisha kile alichokula, na kinachobaki ni ile shilingi 8,000 hivi ya kumuuza mwisho. Anayewaambia vijana kwamba kuku mia watalipa mishahara anawadanganya. Lakini pia unaona ni wapi hasa fedha ya mfadhili ina nguvu. Mzigo mzito kwa kikundi kisicho na mtaji ni ile miezi minne na nusu ya mwanzo, wakati kuku anakula kila siku na hatagi hata yai moja. Vikundi vingi vilivyovunjika nilivyovijua vilivunjikia hapo, chakula kikapunguzwa wiki ya kumi na mbili, kuku wakadumaa, mayai yakaja kuchelewa na madogo, na watu wakakata tamaa. Akishaanza kutaga, kuku huyo huyo anaweza kujilisha kwa mayai yake. Ushauri wangu basi ni huu: mfadhili amfikishe kuku kwenye yai la kwanza, na baada ya hapo kuku ajilishe mwenyewe. Wazee wetu walikuwa na neno lake, tembe, kuku jike aliyekomaa lakini hajataga bado, tofauti na mtetea ambaye keshaanza. Mnachomwomba mfadhili ni tembe mmoja, kwa shilingi 20,000, mara moja, si kila mwaka.

Hiyo 50,000 yenu ya sasa haiko huku wala kule. Ni nyingi kuliko gharama ya kumfikisha kuku kwenye kutaga, na ni ndogo kuliko gharama ya maisha yake yote, kwa hiyo hamuwezi kumweleza mfadhili imelipia nini. Kubwa zaidi ni kwamba malipo ya kila mwaka yanawazoesha kuku kula mkononi mwa mtu aliye mbali. Mfadhili akipoteza kazi Muscat, kuku wa Chake Chake analala njaa.

Kwa mpango ninaoueleza, mwaka wa kutaga unabakisha shilingi 20,000 kwa kila kuku, na kumuuza mwisho 8,000, jumla 28,000. Hapo vijana watataka kuzigawa zote, na hapo ndipo mwalimu anapotakiwa asimame. Tengeni 10,000 kwa kila kuku kwa ajili ya kundi linalofuata, ili awamu ya pili wafadhili waombwe nusu tu, na kadiri mnavyoendelea waombwe kidogo zaidi. Zinabaki 18,000. Kwa kuku 90 hiyo ni shilingi 1,620,000, au 135,000 kwa kila mwezi wa mwaka wa kutaga. Ni nauli za vijana wanaotoka mbali, madaftari, mbegu, na chai ya Jumamosi yenye kitu cha kutafunia. Kama kikundi kinamhitaji fundi wa kuwafundisha useremala au mtu wa kuwafundisha hesabu za biashara, gharama hiyo iombwe kwa jina lake, kwa wafadhili wanaotaka kufadhili mafunzo. Msiifiche ndani ya bei ya kuku. Watu wazima wanaelewa wakielezwa, na wapo ambao wangependa zaidi kumlipia mwalimu kuliko kuku.

Jambo la pili ambalo mara nyingi halisemwi, na kwetu Zanzibar lina uzito wa pekee, ni fedha hiyo ni ya aina gani. Anayetoa sadaka hangojei kitu. Anayeweka hisa anangojea faida na yuko tayari kwa hasara. Anayelipa kabla ili aletewe trei ya mayai kila mwezi ni mnunuzi, na ana haki ya mayai yake yawe mangapi, ya ukubwa gani na lini. Nimeona vikundi vikizichanganya zote tatu chini ya neno ufadhili, mtu akiambiwa ni sadaka na huku akiahidiwa mayai kwa mama yake aliyeko Wete, na yasipofika anasema ameibiwa. Chagueni moja, na kwa mradi wenu ninaona hiba au sadaka ya wazi ndiyo nyepesi kuitunza. Anayetaka mayai kwa mama yake anunue kama wateja wengine. Kuhusu zaka, msiipokee kwa ajili ya kuku kabla hamjamuuliza sheikh, kwani zaka ina wenyewe, na mimi ni mtu wa mifugo tu. Na akitokea mwenye uwezo anayetaka kitu kinachodumu, mwelekezeni kwenye banda. Kuku hafai kuwa wakfu, maana maisha yake ya faida hayafiki miaka miwili, lakini banda la mawe lenye paa zuri asili yake inabaki na manufaa yake yanatumika; taratibu zake mtaelezwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kwa kuku 90 banda si kubwa. Hesabu kuku watano kwa mita moja ya mraba, mtapata kama mita 4 kwa 5, na hilo linaenea kwenye kiwanja chenu bila ya kula sehemu ya mboga. Likae upande ambao upepo wa kusi hautaipeleka harufu kwa jirani, na kabla ya kuchimba msingi mwoneni sheha na watu wa baraza la mji, kwa kuwa malalamiko ya harufu na nzi yakishaanza yanaumaliza mradi wa mjini haraka kuliko kideri. Matandazo makavu hayanuki. Yakilowa karibu na vyombo vya maji yaondoeni siku hiyo hiyo. Paa la makuti ni baridi kuliko la bati, faida kubwa katika miezi ya kaskazi ambapo kuku huhema midomo wazi na kuacha kula mchana, ila makuti huficha utitiri na mara nyingine nyoka, basi mkichagua makuti yakaguliwe. Waya uwe wa matundu madogo na ufike hadi chini ardhini kwa sababu ya ngawa, na juu pasiachwe wazi, kwa kuwa kunguru hawa walioletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 hawaogopi mtoto mwenye fimbo.

Vifaranga wasichanganywe na hao 27 mlionao. Kuku wakubwa wanaweza kuonekana wazima na huku wamebeba maradhi yanayowaangusha wadogo, kwa hiyo anayewahudumia wote wawili aanze kwa wadogo na amalizie kwa wakubwa, asirudi nyuma. Kama boksi litavuka bahari, ulizieni mapema ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu kibali, na pangeni safari isizidi siku mbili. Kifaranga huanguliwa akiwa bado na sehemu ya kiini cha yai tumboni mwake kinachoweza kumtosha siku mbili hadi tatu, kisha nguvu zinamwisha. Wakifika wapewe kwanza maji yenye sukari kidogo, chakula kifuate baada ya saa mbili hivi. Chanjo ya kideri siku ya 7 na ya 21, Gumboro, ugonjwa wa virusi unaowapata vifaranga, siku ya 14 na ya 28, ndui kati ya wiki ya sita na ya nane, na kideri kirudiwe kila baada ya miezi mitatu. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuusogeza mpango huu kulingana na maradhi yaliyopo Pemba wakati huo, na akisema hivyo mfuateni yeye.

Sasa niwarudie hao 27 mlionao, kwa sababu takwimu zako zimenionyesha jambo. Mayai 17 kwa kuku 27 ni asilimia 63, na kwa kuku ambao hawajazeeka ningetarajia zaidi ya asilimia 75. Ndoo yako ya kilo 2 na nusu ukiigawa kwa 27 inampa kila kuku gramu 93. Wanahitaji kama kilo 3 na gramu 100. Mnawanyima gramu ishirini na kitu kila mmoja, na kuku akipungukiwa anaokoa mwili wake kwanza, yai linangoja. Inawezekana ndoo hiyo ilitosha walipokuwa wadogo na hakuna aliyeipima tena. Pimeni kwa mizani, wapewe mara mbili, alfajiri na alasiri jua likipungua, kwa kuwa wakati wa joto kuku hula vizuri kukiwa na baridi. Maji yasikatike hata kwa saa chache. Magamba ya kombe na chaza, ambayo Pemba hayana bei, yasagwe kiasi cha punje za mchele na yawekwe kwenye chombo chake pembeni, wajichukulie wenyewe chokaa ya kutengenezea ganda. Dagaa ni chakula kizuri cha kuku lakini chekecheni mchanga, na wasizidi kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100 za mchanganyiko, la sivyo yai linanuka samaki na mwenye duka atawarudishia trei. Kama mna umeme wa uhakika, taa ya saa mbili kabla ya jua kuchomoza na saa mbili baada ya maghribi huongeza utagaji, kwa kuwa mchana wetu ni saa kumi na mbili tu na kuku wa mayai hupenda mwanga wa saa kama kumi na sita. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, bora wazoee mwanga wa jua pekee kuliko kuyumbishwa.

Kwa vijana wenyewe, nafasi kubwa ya kujifunza iko kwenye daftari, na ninasema hivi nikiwa nimewaona vijana waliokimbia hesabu darasani wakizipenda bandani. Daftari liwe na mistari mitano kila siku: kuku hai, waliokufa na sababu, mayai yaliyookotwa, yaliyovunjika, na kilo za chakula. Kijana wa zamu aandike na atie saini. Mwisho wa mwezi wawili kati yao watengeneze ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari hilo na kuupeleka kwa wafadhili wote kwa WhatsApp, wenye habari njema na mbaya kwa mwandiko mmoja. Zamu ziwe za watu watatu watatu, mkubwa mmoja na wadogo wawili, ili siku za mitihani asibaki mmoja peke yake na kuku 90. Wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani, kwani kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuhara vibaya. Na ninakuomba sana, mfadhili asiunganishwe na kijana mmoja mmoja: asipewe jina la mtoto, namba yake ya simu wala picha yake akiwa peke yake. Mwenye kutaka kusalimia asalimie kikundi kupitia kwako, na picha yoyote ya watoto itoke kwa idhini ya wazazi.

Samadi usiisahau katika mahesabu. Kuku mmoja hutoa zaidi ya kilo 35 za kinyesi kibichi kwa mwaka, na kwa kiwanja chenu hilo ni jambo kubwa sawa na mayai. Kikiwa kibichi kinaunguza mimea. Kilundikeni na matandazo na majani makavu, kigeuzwe, kikae miezi miwili hadi mitatu, ndipo kiende kwenye mchicha na bilingani. Fedha za mboga zilizokua kwa samadi hiyo ziandikwe peke yake, mtashangaa.

Limebaki suala la mwisho wa kuku, nalo lisemwe kwenye karatasi ya kwanza kabisa anayopewa mfadhili. Ikifika kama wiki ya 72 utagaji unashuka hadi chakula kinaizidi thamani ya mayai, na kuku huuzwa kwa ajili ya nyama. Ndugu zetu walioko hapa wanalijua hilo bila ya kuambiwa. Walioishi sana Uingereza, na hasa watoto wao, wapo wanaodhani kuku atastaafu na kutunzwa hadi uzee wake, na kuambiwa ghafla kwamba ameliwa siku ya Idi huwaumiza kweli. Hesabuni tangu mnapoagiza boksi ili wiki ya 72 iangukie kabla ya sikukuu, bei ya kuku inapokuwa nzuri, na mwandikeni wazi: kuku huyu atauzwa baada ya mwaka wake wa kutaga, na fedha zake zitaanzisha kundi jipya.

Kwa wafadhili mlionao sasa, ambao wameshalipa 50,000, msibadilishe masharti katikati. Mwaka wao umalizike kama mlivyoahidiana, kisha waelezeni mpango mpya na kila mmoja aamue mwenyewe. Na kwa ndugu yetu wa Muscat, mwandikie leo, usingoje kundi jipya. Ningeandika hivi: “Assalamu alaykum. Kuku uliyemfadhili alikufa, nasi tumechelewa kukwambia, tunakuomba radhi. Fedha yako iliyobaki imeendelea kulisha kundi alilokuwamo. Kuku 27 wapo hai, na jana tumeokota mayai 17. Tumegundua tulikuwa tukiwapa chakula pungufu, na tumeanza kupima upya. Ukitaka fedha iliyobaki irudishwe, tutairudisha.” Utie tarehe aliyokufa, na sababu kama mnaijua. Mwache kijana mmoja kati ya wale waliotaka kubadilisha jina ndiye aupeleke ujumbe huo, nawe uwe umekaa karibu naye.